Kila Rika na Nyama Yake

Mwaka 2025 nilitimiza miaka 60. Hapakuwa na sherehe. Asubuhi nilikwenda buchani kununua kilo moja ya nyama, na kijana wa bucha, ambaye hata ndevu hazijamkaa sawasawa, akaniamkia vizuri: "Shikamoo, mzee." Nilipoitikia akaongeza, "Leo nikupimie maini, mzee wangu, au daktari amekukataza?" Waliokuwa wakingoja zamu zao wakacheka, nami nikacheka nao. Lakini nilipokuwa njiani kurudi nyumbani, kifurushi mkononi, maneno yake yalikuwa bado yakinizunguka kichwani.

Nilipokuwa mtoto, mzee alikuwa mtu ambaye nyama haikugawiwa mpaka yeye apate yake. Leo mzee ni mtu anayeulizwa kama ameruhusiwa kula. Neno ni lile lile, nyama ni ile ile, na mimi nimeyaona yote mawili kwa macho yangu. Nimeona niandike jinsi jambo hili lilivyotokea huku kwetu Ngara, na kwa ndugu zetu wa Biharamulo, kwa kuwa nina sababu yangu ya kuliandika, ambayo msomaji ataikuta mbele.

Tuanze na majina ya marika. Serikali inayo yake. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, mtoto ni mtu ambaye hajatimiza miaka 18. Kwa Sera ya Taifa ya Maendeleo ya Vijana ya mwaka 2007, kijana ni mwenye miaka 15 hadi 35. Kwa Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003, mzee ni aliyefikia miaka 60. Ukiyapanga majina hayo utaona kwamba mwenye miaka 16 ni mtoto na kijana kwa wakati mmoja, na kwamba mtu wa miaka 36 hadi 59, ambaye ndiye anayelima, anayesomesha na anayezika, hana jina maalumu. Siku hizi yameongezeka majina ya ng'ambo. Vijana wa Kenya walioandamana Juni 2024 kuupinga Muswada wa Fedha waliitwa Gen Z, na jina hilo sasa wanalitumia hata wajukuu zangu. Jina hilo limetoka Marekani, ambako waliozaliwa kati ya 1946 na 1964, baada ya Vita Kuu ya Pili, nao walipewa jina lao kwa sababu watoto walizaliwa kwa wingi mno. Ni jina lenye maana kwa watu waliolitunga. Kwetu sisi miaka hiyo ilikuwa na mambo mengine.

Kuna makabila ya Afrika ya Mashariki yaliyopanga marika kwa utaratibu mkamilifu. Wamasai wanatahiri vijana wao kwa vipindi, kila kundi linapewa jina, na jina hilo mtu anazeeka nalo na kuzikwa nalo. Sisi Wahangaza na Washubi hatuna desturi hiyo. Sisi ni watu wa nchi za Maziwa Makuu, ndugu wa Warundi kwa lugha na kwa mila. Kwetu mtu alijulikana kwanza kwa ukoo wake, halafu kwa mtu aliyempa ng'ombe. Umri ulihesabiwa kwa mambo makubwa yaliyopita. Baba yangu hakujua mwaka aliozaliwa. Alijua tu kwamba alizaliwa wakati wa nzige, nasi tukakadiria kuwa ni mwanzoni mwa miaka ya 1930.

Lakini nikifikiri vizuri naona kwamba tulikuwa na marika yetu, ila hayakuwa na majina ya kutangazwa. Mtoto wa kiume alianza kwa kuchunga mbuzi karibu na nyumba. Akiongezeka kimo akapewa ndama. Akipata nguvu ya kukimbia na akili ya kutopotea, akakabidhiwa ng'ombe wenyewe na kwenda nao mbali mpaka bondeni. Kukamua kulikuja baadaye, na kuamua ng'ombe gani atolewe, auzwe au achinjwe kulikuja mwisho kabisa. Ukimwuliza mtu, "Mwanao amekuwa mkubwa?" alijibu, "Anachunga ndama sasa," na ulishaelewa. Nadhani ndiyo sababu lugha zetu zina majina mengi ya umri wa ng'ombe. Hata Kiswahili kinayo: ndama, mtamba, fahali, maksai. Umri wa mtu ulisomwa katika umri wa mnyama aliyemchunga.

Nyama nayo ilifuata utaratibu huo. Watu wengi wa mijini hudhani kwamba penye ng'ombe wengi nyama huliwa sana. Sivyo ilivyokuwa katika nchi hizi. Ng'ombe alikuwa wa maziwa na siagi, wa mahari, wa kufunga urafiki, na samadi yake ndiyo iliyoishikilia migomba isife. Aliyechinjwa ni aliyezeeka, au tasa, au dume lisilohitajika, au aliyevunjika mguu. Nyumbani kwetu, siku ya nyama hapakuwa na maziwa. Ilikuwa mwiko kuvichanganya tumboni, maana ng'ombe aliyekupa maziwa angedhurika, chuchu zake zingekauka au kutoa damu. Mwiko wa namna hiyo ulijulikana kwa wafugaji tangu Ankole hadi kwetu. Wanawake walikuwa na miiko yao pia. Kwa Wahaya hawakula kuku wala mayai. Rwanda hawakula mbuzi, wakatishwa kwamba wataota ndevu. Bibi yangu hakuonja nyama ya mbuzi mpaka alipokufa, na ndevu hakuota.

Sasa nieleze marika ya nyama kama ninavyoyaona mimi katika ukoo wangu.

Rika la kwanza ni la baba wa babu yangu, na hilo naliita rika la sotoka. Ugonjwa huo wa ng'ombe uliingia Afrika ya Mashariki kuanzia kaskazini na kufika nchi za Maziwa Makuu mwanzoni mwa miaka ya 1890. Mahali pengi ulikomba mifugo yote isipokuwa michache. Watu ambao kwa desturi yao hawakuchinja ovyo walijikuta wamezungukwa na nyama wasiyoitaka. Babu alisimuliwa na baba yake kwamba zizi lilikwisha kwa siku chache, na kwamba wengine walikula mizoga huku wanalia. Kwa rika hilo, kula nyama ya ng'ombe kulikuwa sawa na kuhudhuria msiba. Sotoka haipo tena. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba imetokomezwa duniani kote, nayo ni ugonjwa wa pili kutokomezwa na binadamu baada ya ndui. Nilipoisikia habari hiyo redioni nilitamani babu angekuwa hai.

Matokeo ya sotoka hayakuwa sawa pande zote, na hapo ndipo Ngara na Biharamulo zilipoachana. Huku kwetu Bugufi, kwenye vilima vyenye watu wengi na migomba, mifugo ilirudi polepole. Lakini kule kwenye nyanda za Biharamulo, penye watu wachache, ng'ombe walipokwisha hapakuwa na wa kula majani wala wa kukanyaga vichaka. Pori likafunga, wanyama wa mwituni wakaongezeka, na mbung'o wakaja nao. Mahali penye mbung'o ng'ombe hapati uhai, na binadamu anapatwa na malale. Katika miaka ya 1930 Waingereza waliwahamisha watu katika sehemu hizo na kuwakusanya katika makazi ya pamoja ili kuwaepusha na ugonjwa huo. Sehemu kubwa ya pori ikaja kuwa mapori ya akiba ya Biharamulo na Burigi, ambayo tangu mwaka 2019 yamo katika Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Mjomba wangu, aliyekuwa mwalimu Biharamulo, alikuwa akituambia kwamba alipofika kule, ukisema "nyama" watu walielewa nyama ya porini. Ng'ombe ilibidi umtaje kwa jina.

Rika la pili ni la babu, rika la kodi. Wajerumani walianza kutoza kodi ya nyumba mwaka 1898, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza wakaendelea kutoza ya kwao. Huku kwetu vita hivyo vilibadili hata nchi tuliyomo: Bugufi, iliyokuwa chini ya mwami wa Burundi, ikabaki Tanganyika pamoja na Waingereza, hali Burundi na Rwanda zikawa za Wabelgiji. Shilingi zilipatikana kwa njia mbili. Ya kwanza ni kumpeleka ng'ombe mnadani. Ya pili ni kwenda Buganda kulima mashamba ya pamba na kahawa ya watu. Rika la babu lilijifunza kwamba ng'ombe anaweza kugeuka fedha, na kwamba akigeuka fedha harudi. Nyama yenyewe hawakuila sana. Waliokula ni watu wa bomani na wa mijini.

Rika la tatu ni la baba. Naye alikwenda Buganda kwa miguu, ujana wake, katika miaka ya 1950. Alikuwa akituambia kwamba huko ndiko alikoona kwa mara ya kwanza nyama ya ng'ombe imetundikwa kwenye ndoana, mtu analipa na kuondoka na kipande bila kumjua ng'ombe aliyetoka. Jambo hilo lilimshangaza kuliko magari. "Tulikula," alisema, "lakini hatukujua tumemla nani."

Katika safari hiyo baba alikutana na Mrundi wa rika lake, kutoka ng'ambo ya mto Ruvubu, ule unaokutana na Kagera karibu na maporomoko ya Rusumo. Njiani kurudi, yule Mrundi akashikwa na homa, na baba akakaa naye siku kumi katika nyumba ya watu wasiowajua mpaka akapona. Hawakuachana tena. Baada ya mwaka mmoja rafiki yake alivuka mto na mtamba mwekundu mwenye pembe ndefu, akamkabidhi baba.

Hapa lazima nieleze desturi. Warundi wanaiita ubugabire. Mtu anakupa ng'ombe. Anakuwa wako wa kumtunza na kumkamua, lakini hawi wako kabisa. Akizaa, siku moja unarudisha ndama kwa aliyekupa, na urafiki unaendelea kwa watoto wenu. Sitaki kuipamba desturi hii. Mara nyingi ilikuwa kati ya mkubwa na mdogo, na mdogo alilipa kwa kulima na kutumika. Rwanda, ambako iliitwa ubuhake, mfalme aliifuta mwaka 1954 kwa sababu ya uonevu huo. Lakini baba na rafiki yake walikuwa sawa kwa hali. Kati yao hapakuwa na bwana. Kulikuwa na ng'ombe mmoja na ahadi moja.

Rika la nne ni langu. Mimi nilizaliwa 1965, na kwa majina ya siasa sisi ni watoto wa Azimio la Arusha, la mwaka 1967. Nilikuwa nimeanza shule Operesheni Vijiji ilipotufikia, tukahamishwa kutoka vilimani na kupangwa kwenye mstari mmoja kando ya barabara. Ng'ombe walipata tabu kuliko watu, maana malisho yalibaki mbali. Mwaka 1975 ikaja kampeni ya Chakula ni Uhai. Watu wazima walikaa kwa vikundi mbele ya redio, wakasikiliza kisha wakajadili. Nakumbuka baba akirudi na kumwambia mama kwamba redio imesema mama na watoto wale mayai, nyama na maziwa. Mama akanyamaza. Kesho yake alinikaangia yai, yeye akakaa mlangoni akinitazama kana kwamba anangoja kuona kitakachonipata.

Rika letu ndilo la kwanza kula nyama bila kuona damu. Shuleni, tulipofaulu kwenda sekondari, tulikula nyama mara moja kwa juma, vipande vitatu juu ya ugali, na aliyepata vinne alionewa wivu. Nyama ya kopo ya Tanganyika Packers ya Kawe tulikuwa tukiisikia, na siku moja kaka yangu aliyekuwa jeshini alituletea. Ilikuwa baada ya vita vya 1978 na 1979 dhidi ya Idi Amin, vita ambavyo majeshi yake yalipora maelfu ya ng'ombe kaskazini mwa mkoa wetu, mkoa uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi na kisha ukapewa jina la Kagera. Baba aliligeuzageuza lile kopo, akauliza ng'ombe gani anaingia katika bati dogo namna hii. Kisha akasukuma sahani. Sisi tukamaliza.

Kwa miaka hiyo hiyo Biharamulo nayo ilibadilika. Wasukuma walikuja na makundi yao kutafuta ardhi, wakafyeka, wakalima pamba na mahindi kwa majembe ya kukokotwa na maksai. Mjomba alisema kwamba kijijini kwake mbung'o walipungua kadiri miti ilivyopungua, na bucha ikafunguliwa mahali ambapo zamani walikuwa wakikausha nyama ya nyati.

Sasa nafika kwenye sababu yangu.

Oktoba 1993, baada ya kuuawa Rais Melchior Ndadaye, Warundi walivuka mpaka kwa wingi. Kabla hawajatulia, mwishoni mwa Aprili 1994, wakaja Wanyarwanda. Daraja la Rusumo lilipitisha watu wanaokadiriwa kuwa 250,000 kwa muda wa kama siku mbili, na pori la Benako likawa mji mkubwa kuliko mji wowote tuliowahi kuuona. Baba alikuwa mgonjwa wakati huo, na mimi, nikiwa na miaka 28, ndiye niliyekuwa mwangalizi wa zizi. Ng'ombe walikuwa watano, wote wa uzao wa yule mtamba mwekundu. Ndama wa kurudisha alikuwa bado hajarudishwa. Mwaka mmoja ng'ombe alizaa dume, mwaka mwingine ndama akafa, mwaka mwingine ng'ambo hapakuwa shwari. Baba alikuwa akisema, "Deni la ng'ombe halinyauki."

Wachuuzi walikuwa wakizunguka vijijini kutafuta ng'ombe wa kuchinja. Mmoja alinitajia bei ambayo sikuwahi kuisikia. Wizi wa mifugo ulikuwa umezidi, nami nikajiambia kwamba nisipouza nitaibiwa. Niliuza wanne. Nilipata fedha za hospitali ya baba na za bati za nyumba, na siwezi kusema kwamba fedha zile hazikuwa na kazi. Lakini sikumwuliza baba. Nilimwambia baada ya kuuza. Alikuwa amelala kitandani, akageukia ukuta. Yule wa tano aliibwa miezi miwili baadaye.

Baba alifariki mwanzoni mwa 1996. Mwishoni mwa mwaka huo Wanyarwanda walirudishwa kwao, na Warundi wengi wakabaki katika kambi ya Lukole. Siku moja akafika nyumbani kwangu mtu mwembamba wa rika langu, akabisha hodi, akataja jina la baba yake. Alikuwa mtoto wa yule rafiki. Baba yake alikwisha kufa, na yeye alikuwa Lukole tangu walipokimbia. Tulikaa, tukanywa pombe ya ndizi, tukasimuliana safari za wazee wetu. Hakuomba kitu. Alipokaribia kuondoka aliuliza tu, kwa sauti ya kawaida, "Na ng'ombe, hawajambo?"

Nilimweleza yote. Nilitoa fedha nilizokuwa nazo ndani, nikamwekea mbele yake. Akazitazama bila kuzigusa. Akasema, "Baba yangu hakumpa baba yako fedha." Halafu, alipoona nimeinamisha kichwa, akaongeza kwa upole, "Kambini sina pa kufunga ng'ombe, ndugu yangu. Ukimpata, nitunzie." Akaniaga.

Ilinichukua miaka kadhaa. Mwaka 2001 nilinunua mtamba, na ingawa hakuwa mwekundu, nilimwita wa wenyewe. Lukole ilipofungwa na watu wake kurudi Burundi, yule ndugu yangu alipita kuaga. Alimwona ng'ombe wake na ndama aliyezaliwa, akawapapasa mgongoni, akasema ataturudia akishajenga. Habari zake za mwisho nilizipata mwaka 2014. Mwaka uliofuata kwao kukachafuka tena, watu wakakimbia huku na huku, na tangu hapo sijui aliko. Ng'ombe wake sasa ni watatu. Hawauzwi wala hawachinjwi, na madume nayabadilisha kwa mitamba.

Rika la tano ni la watoto wangu, waliozaliwa miaka ya 1990, na rika la sita linawafuata nyuma. Hawa ni watu wa mishkaki. Mmoja wa wanangu alifanya kazi katika mgodi wa dhahabu wa Tulawaka, Biharamulo, ulioanza uzalishaji mwaka 2005, na aliniambia kwamba siku ya mshahara wachimbaji hawakuuliza bei ya nyama. Ukipita Nyakanazi, njia panda ya barabara za Kahama, Kigoma na Rusumo, utaona madereva wa malori na vijana wa pikipiki wanasubiri nyama choma hadi usiku. Kwa kijana wa leo, nyama ya ng'ombe ni ishara kwamba mfuko wake una kitu. Tena anakula mbavu wakati babu yake anapewa mchuzi. Mpangilio wa sinia umepinduka, na waliosaidia kuupindua si vijana peke yao. Daktari wangu amenishauri nipunguze nyama nyekundu kwa ajili ya vidole vya miguu vinavyovimba. Na Oktoba 2015 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka nyama nyekundu katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani, na nyama za kusindikwa katika kundi la vile vinavyojulikana kuisababisha. Kopo alilolikataa baba limekataliwa na wataalamu miaka zaidi ya 30 baadaye, ingawa kwa sababu nyingine kabisa.

Sisemi kwamba vijana wamekosea. Mtoto anayekula nyama na yai anakua vizuri kuliko tulivyokua sisi, na mwiko uliowanyima mama zetu mayai haukuwa na heri yoyote. Mimi nisiyewalaumu nina sababu ya kutowalaumu: aliyewageuza ng'ombe wa ahadi kuwa nyama hakuwa kijana wa mishkaki, alikuwa mimi, mtoto wa Azimio, niliyefundishwa ujamaa darasani. Kila rika hudhani limeanza lenyewe. Baba alishangaa kula nyama ya ng'ombe asiyemjua, mimi nikauza niliowajua, na wanangu hawaoni hata swali liko wapi.

Siku ile ya kutimiza miaka 60 tulikula pamoja ile kilo moja. Mwanangu wa mwisho alitazama nje kwenye zizi, akasema, "Baba, wale watatu si tungechinja mmoja siku kama hii? Mwenyewe hatarudi." Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayeona mbao zimelala uani na nyumba inahitaji mlango.

Sikumjibu pale pale, kwa kuwa jibu lilikuwa refu, na ndilo hili. Nimeliandika ili walisome wao na watoto wao. Ng'ombe wale si wetu. Walitokana na siku kumi ambazo babu yenu alikaa na mgonjwa katika nyumba ya watu. Akija mtu kutoka ng'ambo ya Ruvubu akataja jina la baba yake, mpeni, wala msimwulize karatasi. Asipokuja yeye, atakuja mtoto wake. Na kama hatakuja mtu kabisa, mpeni mtamba jirani anayehitaji, mmwambie masharti yake, ili deni liendelee kutembea. Mkishafanya hivyo, nendeni buchani mkanunue nyama, mle mshibe. Mimi mtanitilia mchuzi.